Chama cha Sinema Kisicho na Daftari: Mpanda katika Historia ya Utazamaji wa Filamu Tanzania

Historia ya sinema nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata majumba. Majengo ya Unguja, Dar es Salaam na Tanga yameacha hati za umiliki, matangazo ya magazetini na kuta ambazo mtafiti anaweza kuzigusa hata leo. Kitabu cha Laura Fair cha mwaka 2018 kimeonyesha kwa kina jinsi wafanyabiashara na watazamaji walivyoyafanya majumba hayo kuwa sehemu ya maisha ya mjini. Insha hii haipingani na kazi hiyo, bali inauliza swali lililo pembezoni mwake: mji mdogo wa bara kama Mpanda uingizwe vipi katika historia hiyo? Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kigezo cha chama cha sinema tulichokipokea kutoka Ulaya kinautupa ushahidi ulio muhimu zaidi, kwa kuwa kinatafuta mjadala unaofuata baada ya filamu, ilhali huku mjadala ulifanyika filamu ikiendelea.

Kigezo chenyewe kinafahamika. Mwaka 1925 kilianzishwa London chama cha wapenzi wa filamu waliolipa ada ili watazame kazi ambazo majumba ya biashara hayakuzionyesha au wakaguzi hawakuziruhusu kwa umma. Mwaka 1929 wanachama wake walitazama filamu ya Eisenstein kuhusu manowari ya Potemkin. Mwaka 1947 Satyajit Ray na wenzake walianzisha chama cha namna hiyo Calcutta. Vyama hivi vilitegemea watu waliojitolea kufanya mambo matatu: kuteua filamu, kuzieleza na kuzijadili. Kwa kuwa kazi hizo zilifanywa kwa maandishi, na muhtasari wa kikao kutunzwa, historia yao ni rahisi kuandikwa. Urahisi huo umewafanya wengi waamini kwamba pasipo na muhtasari hapakuwa na chama.

Mpanda ni mji uliokuzwa na madini na reli. Tawi la reli la kutoka Kaliua, lenye urefu wa kilomita 210, lilijengwa ili kusafirisha madini ya risasi kutoka mgodi wa kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Katika miaka ya 1970 wilaya ilipokea wakimbizi kutoka Burundi waliopewa makazi Katumba, kisha Mishamo. Wakonongo, Wabende, Wapimbwe, Wafipa, Wasukuma na Warundi wakakutana katika eneo ambalo Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Kwa miaka mingi umeme wa mji ulitoka kwenye jenereta za dizeli za TANESCO, nje ya gridi ya taifa. Filamu ya milimita 35 huhitaji mashine nzito, umeme usioyumba na ratiba ya kupokezana mikanda mji kwa mji. Mazingira ya Mpanda hayakuwa rafiki kwa sinema ya jengo, lakini sinema haikuwa ya jengo pekee.

Njia ya pili ilikuwa gari. Kati ya 1935 na 1937, Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, lililokuwa na makao yake Vugiri, Usambara, lilitengeneza filamu zipatazo 35 na kuzizungusha Afrika Mashariki na Kati kwa lori. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Iliwekwa kwenye santuri, ili picha zilezile zielezwe kwa lugha mbalimbali. Magari ya sinema ya serikali yaliyofuata yaliendeleza mgawanyo huo: picha ilitoka mbali, maelezo yalitoka kwa mtu aliyesimama na kipaza sauti. Si jambo dogo kwamba Rashidi Kawawa, aliyepata kuwa Waziri Mkuu, alifanya kazi katika sinema ya aina hiyo na pia kuigiza katika *Muhogo Mchungu* mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwelezaji wa gari la sinema alikuwa mtumishi, hakujitolea, na filamu aliteuliwa. Hata hivyo, hadhira ilizoea kwamba picha haikamiliki bila mtu wa kuisemea.

Mjadala nao ulikuwa na mazoea yake. Kampeni ya *Mtu ni Afya* ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, vikiwa na viongozi waliopewa mafunzo ya muda mfupi. Kikundi kilisikiliza, kikajadili, kikaamua la kufanya. Wanahistoria wa elimu ya watu wazima wanaijua vyema kampeni hii. Wanahistoria wa filamu huipita, nadhani kwa sababu haikuwa na picha.

Kanda ya video ilipoenea kuanzia katikati ya miaka ya 1980, baada ya biashara kulegezwa, mazoea hayo mawili yalikutana chumbani. Televisheni ya Tanzania Bara ilianza mwaka 1994 tu, na mawimbi yake yalichelewa kufika mikoani. Kibanda cha video, ambacho wenyewe watazamaji walikibandika jina la kibanda umiza, kilihitaji seti moja, deki, jenereta na mabenchi. Ni biashara, mwenye kibanda anataka kiingilio, na itakuwa upuuzi kumpamba kwa sifa za kujitolea. Kazi isiyolipwa ilikuwa upande wa mabenchi. Aliyejua Kiingereza kidogo, au aliyekwisha kuiona filamu ya Kihindi mara tatu, alimsimulia jirani, na jirani wa jirani akasikia. Alieleza nani ni ndugu wa nani, akatabiri, akahukumu, akapingwa. Mfasiri huyu aliteua pia, maana kilichosifiwa kwa sauti ndicho mwenye kibanda alichokirudia.

Dar es Salaam ilifanya kazi hiyo kuwa taaluma. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili mbele ya watazamaji, kisha akaiweka sauti yake kwenye kanda za VHS zilizouzwa na kukodishwa. Watafiti, akiwemo Matthias Krings, wamemchambua kama msanii wa tafsiri. Mtafiti anakubaliana nao, ila anaona kwamba kanda hizo zilikuwa na athari mbili zinazokinzana. Ziliuhifadhi usimulizi ambao vinginevyo ungepotea. Lakini ziliponunuliwa mikoani, zilileta sauti moja ya mjini mahali palipokuwa na sauti nyingi za mabenchi. Msimuliaji wa kwenye kanda hapingiki. Ukimkatiza, anaendelea.

Sheria haikuwa na nafasi kwa mkusanyiko wa aina hii. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 ilitaka filamu ikaguliwe na mahali pa maonyesho pawe na leseni. Machoni pake kulikuwa na mwenye leseni na asiye nayo. Wasimuliaji wa mabenchi hawakuwa lolote, na nyaraka zilizotokana na sheria hiyo zinarekodi majengo na makosa.

Upo ugumu mwingine, wa kiutawala. Kabla ya 1974 Mpanda ilikuwa chini ya Tabora. Mwaka huo ikawa sehemu ya mkoa mpya wa Rukwa, makao yake makuu Sumbawanga. Mwaka 2012 ikawa makao makuu ya Katavi. Anayefuata nyayo za sinema huko hana budi kupita katika majalada ya mikoa mitatu, na ndani yake atafute chini ya maendeleo ya jamii, elimu ya watu wazima na utamaduni kabla ya kutafuta chini ya filamu. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 mgodi ulipofungwa sasa amepita 80, kwa hiyo mahojiano yatangulie majalada. Na swali la mahojiano lisiwe kama palikuwa na chama, bali ni nani aliyekuwa akiwaeleza wenzake, kwa lugha gani, na nani alimbishia.