Kifua Kikuu Kisicho Kifuani

Ukitaja kifua kikuu, msikilizaji anasubiri kikohozi. TB ya mifupa na TB ya tezi tumeshazizoea, ila TB ya kizazi bado inasikika kama ulimi umeteleza. Na si jambo jipya: Mwitaliano Morgagni aliieleza mwaka 1744, baada ya kupasua maiti ya mwanamke kijana, miaka 138 kabla Robert Koch hajamtangaza bakteria mwenyewe.

Bakteria huyo huingia kwa pumzi, akatua mapafuni, kisha damu ikamfikisha kwenye mirija ya uzazi, ambayo karibu kila mara ndiyo inayoumizwa kwanza. Mwanamke huenda hakohoi, na picha ya kifua ikatoka safi. Pengine dalili ni mimba isiyoingia tu, au hedhi inayopungua hadi kukatika. Mtaani ameshaitwa tasa, neno lile lile la mbuzi asiyezaa.

Akipimwa, anaambiwa mirija imeziba. Kinachoniuma ni kitenzi kinachofuata: kuzibua. Wauza dawa wanaahidi kuzibua mirija na kusafisha kizazi, kana kwamba ni sinki la jikoni. Kumbe TB huacha makovu. Vile vidole laini vya mwisho wa mrija, vinavyodaka yai, hushikamana. Njia ya ndani husinyaa. Hata kuta za mfuko wa uzazi zaweza kugandana. Kovu halizibuliwi. Vidonge vya miezi 6, rifampisini na wenzake, huua bakteria, na lazima vimezwe hadi mwisho, lakini mrija ulioharibika mara nyingi haurudi ulivyokuwa. Ukibaki na upenyo mwembamba, mbegu zaweza kupita, yai lililorutubika likakwama, na mimba ikatunga nje ya kizazi. Mrija ukipasuka, mama anavuja damu tumboni na maisha yake yamo hatarini.

Ndiyo maana ningependa daktari aseme "mirija ina makovu". Anayeambiwa hivyo hatamaliza akiba yake kwenye chupa za mitishamba. Atauliza swali linalofaa: je, utando wa ndani ya kizazi umesalimika? Yai likirutubishwa maabara halihitaji tena mirija, lakini bila utando huo mimba haina pa kujishikiza.