Askari wa Saïo na Mama Yake

Ndugu msikilizaji, nawe unayesoma karatasi hii huko Walungu, ukishuka Bukavu utasikia watu wakitaja Kambi Saïo. Jina hilo si la kwetu. Saïo iko Ethiopia. Katika vita ya 40–45, askari wa Force Publique walitoka Kongo kwenda kupigana na Waitalia huko. Machi 1941 walichukua Asosa na Gambela, kisha wakakaa majuma mengi mbele ya Saïo, kwa njaa na maradhi, wakiangalia mlima ambako adui angeweza kutelemka saa yoyote. Tarehe 3 Julai Jenerali Gazzera akasalimu amri.

Askari anayengoja hivyo atamwambia mama yake nini? “Tunakula vizuri, usihangaike.” Mimi simwiti mwongo.

Ni nani kati yenu alipokea simu ya namna hiyo Februari 2025, kabla M23 hawajaingia Bukavu? Na mama wa yule wa upande wa pili, naye aliambiwa nini?

Simu ikinyamaza, msikae kimya. Msalaba Mwekundu hupokea maombi ya kutafuta jamaa waliopotea vitani, bila kuuliza walishika bunduki ya nani.