Misa ya Kamina na Kisanduku Kisicho na Umeme

Tarehe 23 Machi 1958, katika misheni ya Kikatoliki ya Mtakatifu Bavo mjini Kamina, mji wa Katanga ambako reli itokayo Lubumbashi hugawanyika, njia moja ikielekea Kasai hata Ilebo na ya pili ikielekea Kabalo na pwani ya ziwa Tanganyika, ilisomwa kwa mara ya kwanza misa ambayo maneno yake yalikuwa ya Kilatini na mahadhi yake yalikuwa ya wenyeji wa Kongo. Walioiimba walikuwa wavulana wapatao 45, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15 wa shule ya mji huo, wakiongozwa na Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji aliyewasili Kamina mwaka 1953. Kwaya ile iliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, na misa yenyewe ndiyo Missa Luba, ambayo sifa zake zimefika mahali pengi ambako jina la Kamina halijapata kutajwa.

Kinanda cha kanisa hakikutumika. Waimbaji walichukua nyimbo walizozijua tangu utotoni, wakazitia maneno ya ibada, na kila waliporudia waliongeza na kupunguza kwa pamoja mpaka umbo likatulia. Kyrie ilifuata mwendo wa kasala, maombolezo ya Waluba. Sanctus ikashika mahadhi ya wimbo wa kuagana. Agnus Dei ikajengwa juu ya wimbo wa Bena Lulua wa Kasai. Fadhila kubwa ya Padre Haazen, kwa maoni yangu, ni kwamba alitambua ni wapi asitie mkono wake, na katika zama zile, ambapo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa haujatoa idhini yake ya Desemba 1963 juu ya muziki wa mataifa katika ibada, kutambua hivyo kulihitaji maarifa na ujasiri pia.

Mwaka uleule kwaya ilisafiri Ulaya, ikaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Na kampuni ya Philips ikaitoa misa katika santuri. Si kwamba sauti za Katanga zilikuwa hazijanaswa kabla ya hapo, maana Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alikwisha kupita huko mwaka 1952, akarekodi nyimbo za Waluba na kukutana na Mwenda Jean Bosco na gita lake huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, kisha akarudi tena mwaka 1957. Lakini santuri ya Kamina ilikwenda mbali kwa namna ya pekee: Pier Paolo Pasolini aliitumia Gloria yake katika filamu ya Injili ya Mathayo ya mwaka 1964, na Sanctus ilipotumika katika filamu ya Lindsay Anderson ya mwaka 1968, Waingereza walianza kuitafuta madukani, hata mwaka 1969 ikaingia katika orodha ya santuri zilizouzwa sana nchini mwao.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wanahistoria wa muziki aghalabu huliachia mafundi, nami naona ni la historia hasa: sauti hizo, zilipokwisha kuchongwa katika mifereji ya santuri, zilipita wapi ndani ya nyumba za watu hata zikayafikia masikio yao?

Mwaka 1958 ndio mwaka ambao santuri za stereo, zenye njia mbili za sauti katika mfereji mmoja, zilianza kuuzwa kwa umma, ingawa mhandisi Alan Blumlein alikuwa ameomba hataza ya wazo hilo Uingereza tangu Desemba 1931. Msikilizaji wa siku hizo aliyetaka sauti safi alihitaji vyombo vinne: meza ya kuzungushia santuri, priampli, ampli yenyewe, na spika mbili. Kati ya hivyo vyote, priampli ndiyo iliyokuwa na kazi nyingi, kwani kichwa cha sindano chenye sumaku hutoa umeme hafifu mno, kiasi cha milivolti 5 au pungufu, ilhali ampli huhitaji takriban volti nzima ili kufikisha nguvu zake zote. Kadhalika santuri haikuchongwa kwa uwiano wa sauti halisi: sauti nene zilipunguzwa ili mfereji usipanuke kupita kiasi, na nyembamba zikazidishwa ili zishinde mchakarisho wa sindano, na baada ya miaka ya vurugu, ambapo kila kampuni ilikuwa na kipimo chake, watengenezaji wa Marekani waliafikiana mwaka 1954 juu ya kipimo kimoja kiitwacho RIAA, kinachoitaka priampli ipandishe sauti ya hezi 20 kwa desibeli zinazokaribia 20, na kuishusha ile ya hezi 20,000 kwa kiasi kama hicho. Bila priampli, Missa Luba ingesikika kama mnong'ono uliokauka. Na kwa kuwa valvu zake zilikuwa zimekwisha kuwashwa, waundaji waliendelea kuzibebesha mizigo mingine, hasa vifundo vya kuongeza au kupunguza besi na sauti nyembamba, ambavyo mhandisi Mwingereza Peter Baxandall alivitolea mchoro mashuhuri mwaka 1952, mchoro ambao mafundi wanaunakili hata leo.

Kampuni iliyoitoa misa ya Kamina ndiyo iliyokuja kuipunguzia priampli kazi hizo. Mwaka 1963 Philips walileta kaseti, na kwa kaseti muziki ukaingia katika redio za betri, ukafika hata mahali ambapo santuri isingepelekwa bila kuvunjika. Kisha mwaka 1982, wakishirikiana na Sony wa Japani, wakaleta sahani ya CD. Chombo cha CD hutoa takriban volti 2 kikiwa katika kilele chake, yaani mara 400 ya kile kichwa cha sindano, na uwiano wa sauti zake hauhitaji kusahihishwa. Ikawa ajabu iliyo dhahiri kwa yeyote aliyeshika kipimo: umeme unaotosha kuifikisha ampli kwenye kikomo chake ulikuwa unaingizwa katika priampli iliyoukuza tena, na msikilizaji analazimika kuuzuia kwa kifundo cha sauti ili majirani walale.

Wapenzi wa muziki wakauliza: ikiwa haja iliyobaki ni kupunguza tu, ya nini kukuza kwanza? Jibu lao ni priampli pasivu. Ukiifungua utaona kisanduku cha bati, nyuma yake soketi za kuingiza CD, kaseti na redio pamoja na jozi moja ya kutolea. Ndani yake kifundo cha kuchagulia chombo, na potenshiometa, yaani kifundo cha kupunguzia sauti, yenye matabaka mawili juu ya mhimili mmoja, tabaka la mkono wa kulia na la mkono wa kushoto, ili mkono mmoja ukizungusha sauti zote mbili zishuke kwa kadiri moja. Hakuna valvu, hakuna transista, hakuna waya wa kwenda ukutani. Fundi yeyote wa redio anayejua kushika chuma cha kulehemu huweza kukiunda kwa alasiri moja, na katika nchi yetu, ambako umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, chombo kisichochomekwa ukutani ni chombo ambacho kishindo hicho hakina mlango wa kukiingilia.

Hata hivyo kuna masharti, na wanaokisifu bila kuyataja humdhulumu mnunuzi. Kisanduku hiki hakina nguvu ya kuusukuma umeme katika waya mrefu. Potenshiometa ya ohimu 10,000, hata ikiwa mahali pake pabaya kabisa, huuonyesha waya ukinzani wa ohimu 2,500, na waya wa mita moja hauidhuru sauti. Bali fundi akitia ile ya ohimu 100,000, kwa kuwa ndiyo aliyoikuta sokoni, kisha akaiunganisha kwa waya wa mita 5 wenye pikofaradi 100 kwa kila mita, sauti nyembamba zitakuwa zimepungua kwa desibeli 3 zifikapo karibu hezi 12,700. Anayepoteza kitu hapo ni msikilizaji wa Missa Luba hasa, maana humo juu ndimo unamokaa mchakacho wa kayamba, na ndimo yanamokaa makali ya pigo la kyondo, ngoma ya gogo, ambalo likipoteza makali hayo halitofautiani tena na mgongano wa ubao wowote.

Masharti yakitimizwa, nashikilia kwamba hakuna njia iliyo ya haki zaidi ya kuisikiliza misa hiyo kutoka katika CD. Katika Kyrie mwalimu Joachim Ngoi hupaza sauti peke yake, na kwaya humjibu. Na priampli ya kawaida, ikiwa mtu ameachia kifundo cha besi kimepanda kama ilivyo desturi katika baa zetu, huzivimbisha ngoma hata zikamfunika mwalimu. Sanctus ndiyo huumia zaidi, kwa sababu huanza polepole, sauti za wavulana zikielea juu ya zile za wanaume, ndipo ngoma zije kuichukua Hosanna kwa kasi; na uzuri wa mpito huo wote umo katika tofauti ya ukubwa iliyopo kati ya ule upole na ile shangwe. Kisanduku pasivu, kwa kuwa hakijui kuongeza, huipitisha tofauti hiyo kama ilivyonaswa.

Mwenye santuri ya awali asiitupe priampli yake, kwani milivolti 5 bado ni milivolti 5, na kipimo cha RIAA bado kinadai haki yake; atafute sehemu ya kusahihishia santuri peke yake, ndipo kisanduku kifuate baada yake. Na mwenye CD ahakikishe kwanza kwamba ampli yake hutosheka na volti 1 au 2, aweke kisanduku karibu na ampli kwa waya usiozidi mita moja, na kabla hajaiwasha ampli ateremshe kifundo hadi mwisho, maana hicho ndicho kizuizi pekee kilichosimama kati ya volti 2 za CD na spika zake.