Impamba: Chakula cha Njiani cha Watu wa Rutshuru

Katika Bwisha, chakula ambacho mtu anafunga kwa ajili ya safari kinaitwa impamba. Waswahili wa pwani wanasema masurufu. Vijana wengi leo wanaona desturi hii kama mambo ya watu wa kijijini: eti mwenye feza anakula restora. Lakini tukiiangalia vizuri, tutaona kwamba impamba haikuwa tu dawa ya njaa. Ilikuwa kipimo cha safari na heshima ya msafiri.

Tuanze na zamani. Wazee walikuwa wanakwenda mbali kwa miguu, kwa mfano kutafuta chumvi ya Katwe, huko ngambo ya ziwa Edouard. Mtu aliyetaka kusafiri alihesabu kwanza siku, ndipo mama wa nyumba alifunga kulingana na hesabu hiyo. Viazi vya kuchemsha vililiwa siku ya kwanza kwa sababu vinaharibika upesi. Bugali wa mtama uliofungwa ndani ya majani ya ndizi ulivumilia zaidi. Mahindi ya kukaanga na maharagi makavu yaliwekwa kwa siku za mwisho. Ndani ya kibuyu mlikuwa ubushera, kinywaji cha mtama, ambacho kinakata kiu na kushibisha pamoja.

Kwa nini kubeba, na watu wetu wanajulikana kwa kupokea wageni? Sababu ya kwanza, mgeni asiye na kitu ni mzigo, zaidi sana wakati wa njaa. Sababu ya pili ni woga wa sumu. Hata leo, mwenye pombe anaonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo anamupatia. Aliyekuwa na chakula chake hakuhitaji kumuogopa mtu, wala kumuombaomba.

Halafu mipaka ikafika. Mwaka wa 1910, Wabelgiji, Waingereza na Wadachi walikubaliana kule Bruxelles namna ya kugawanya eneo letu la volkano. Bwisha ikabaki Congo, Bufumbira ikaenda Uganda, na upande mwingine ukabaki Rwanda. Safari ya Kisoro ikawa safari ya inchi ya kigeni, ingawa njia ilikuwa ile ile na viazi vilikuwa vile vile.

Katika vita ya 1914-1918 desturi hii iligeuzwa kichwa chini. Wanaume wa Kivu na wa inchi jirani walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Wabelgiji, ambalo liliingia Kigali mwezi wa tano 1916 na kuteka Tabora tarehe 19 mwezi wa tisa mwaka huo. Mpagazi alibeba chakula kingi kichwani, lakini hakikuwa chake. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Baadaye, tangu miaka ya 1920, watu wengi wa Rwanda, na wengine wa upande wetu, walikwenda Buganda kutafuta kazi katika mashamba ya pamba na kahawa. Hao walirudia impamba ya wazee, maana njia ya Kabale na Masaka ilikuwa ndefu na mshahara ulikuwa bado mbele.

Majirani wetu wa Rwanda wako na methali inayosema kwamba impamba isiyoweza kukufikisha Kigali, uile pale Ruyenzi. Maana yake: kama chakula hakitoshi, usijinyime bure njiani. Methali hiyo inamfaa mtu anayejua anakokwenda. Lakini tarehe 13 mwezi wa sita 2022, Bunagana ilipoanguka mikononi mwa M23, makumi ya maelfu ya watu wa Rutshuru walivuka mpaka mwaka huo, na wengi walipokelewa Nyakabande, karibu na Kisoro. Mama anayekimbia na kilo mbili za maharagi atazihesabu kwa siku ngapi? Hapo kipimo cha wazee kinavunjika. Safari inapimika; kukimbia hakupimiki.

Wengine leo wanasafiri kwa ndege kwenda Ulaya, na valizi bado zinafungwa kama zamani. Ila sasa si msafiri anayehitaji kile chakula. Ni ndugu anayemngojea huko, aliyekosa ladha ya nyumbani miaka na miaka. Ni vizuri kujua sheria. Jibini ya Masisi na nyama haziruhusiwi kuingia katika Umoja wa Ulaya. Sombe mbichi inaomba karatasi ya afya ya mimea. Ndizi na nanasi haziombi. Sambaza kavu inaweza kupita, kwa kuwa samaki wanaruhusiwa mpaka kilo 20. Na tangu 2006, kwenye viwanja vingi kinywaji kinachozidi mililita 100 hakipiti mkononi. Mutobe wa ndizi unabaki uwanjani.

Kwa hiyo, tusiwacheke wanaofunga chakula. Tuwafundishe watoto kukausha mahindi, kufunga na majani, na kuhesabu siku. Inchi yetu imewaonyesha watu wake mara nyingi kwamba barabara inaweza kufungwa asubuhi bila habari. Anayejua impamba anaondoka na kitu mkononi, na akifika kwa watu, hafiki mikono mitupu.