Nembo ya babu, tatuu ya mjukuu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, majukumu ya chumba cha habari yalinibana kwelikweli. Leo nimerudi na jambo linalonikera, na kwa kuwa mnajua napenda historia, mtanivumilia nikiwarudisha nyuma kidogo.

Wiki iliyopita alinipigia simu mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Alikuwa ameomba kazi ya ulinzi katika kampuni moja hapa Dar es Salaam. Cheti cha kidato cha nne anacho, mafunzo ya mgambo amepitia, barua ya serikali ya mtaa anayo, wadhamini wawili anao. Usaili akaupita. Siku ya kupimwa afya akaambiwa avue shati. Nyuma ya shingo ana tatuu ya jina la mama yake, aliichora mwaka ule mama alipofariki. Akaambiwa avae shati lake aende nyumbani.

"Kaka, wamesema wateja wakiniona getini wataogopa."

Nilicheka, halafu nikajuta kucheka. Babu yetu, mzaa mama zetu, alikuwa mlinzi hapahapa mjini kwa miaka mingi. Na kazi hiyo aliipata kwa sababu watu walimwona getini wakaogopa.

Babu alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Uso wake ulikuwa na nembo: mistari iliyopinda kama meno ya msumeno mashavuni, na mingine iliyonyooka kwenye paji la uso. Kwa wasiojua, nembo hazikuchorwa kwa mashine kama tatuu za siku hizi. Fundi alichanja ngozi kwa kisu kidogo, kisha akasugua mkaa uliosagwa ndani ya majeraha. Kidonda kikipona, alama inabaki, nyeusi yenye rangi ya bluu, mpaka kaburini. Wanaume walichanjwa, wanawake pia, na wanawake wengi waliongeza ndonya kwenye mdomo wa juu. Mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, alifika uwanda wa Wamakonde mwaka 1906 na akaandika kwa kirefu juu ya alama hizo. Kwa wenyewe hazikuwa kitu cha kushangaza. Zilimtambulisha mtu kuwa ni Mmakonde, tena aliyevumilia maumivu na kukomaa.

Tatizo lilianza mwenye nembo alipoondoka kwao kutafuta kazi. Na wengi waliondoka. Huko Msumbiji Wareno walikuwa na kodi na kazi za shuruti. Huku Tanganyika kulikuwa na mkonge, zao lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ambalo lilikua mpaka mashamba ya Tanga, Morogoro na Lindi yakawa yanameza vibarua kutoka kila upande. Wamakonde walivuka Ruvuma kwa maelfu. Babu alivuka akiwa kijana katika miaka ya 1950, akakata mkonge Lindi, kisha akapanda meli kuja Dar es Salaam.

Mjini alikuta sifa yake imemtangulia. Wamakonde wenye nembo, ambao watu wa mjini waliwaita Wamawia, walisemwa kuwa ni wakali, hawana mzaha, na mwizi akiona uso ule gizani hukimbia mwenyewe. Kwa hiyo matajiri waliwatafuta walinde maduka na majumba yao usiku. Hapa Dar es Salaam na kule Zanzibar, mlinzi Mmakonde lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Babu hakuulizwa cheti wala mdhamini. Aliangaliwa usoni, akapewa rungu na tochi.

Mkisikia hivyo mnaweza kusema basi nembo zilimfaa. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka siku moja nikiwa mdogo nilipomuuliza kwa nini mama na wadogo zake hawana. Akasema, "Uso huu umenilisha, lakini haukunitoa getini." Alikuwa anajua kushona nguo, alijifunza kwa jirani. Hakuna duka lililomkubali akae mbele na cherehani awapime wateja. Kazi ya kutisha watu aliipata siku hiyohiyo. Kazi ya kuwahudumia hakuipata mpaka anakufa. Ndiyo maana hakumchanja mtoto wake hata mmoja, na wenzake wengi walifanya hivyohivyo. Leo ukiona uso wenye nembo, karibu hakika ni wa mzee.

Msidhani mambo haya ni ya kwetu tu. Nilipoanza kusoma kuhusu tatuu na kazi, nchi iliyonivutia zaidi ni Japani, kwa sababu huko serikali yenyewe iliingia katika jambo hili na kulivuruga. Mwaka 1720 watawala wa Kijapani waliifanya tatuu kuwa adhabu: badala ya mhalifu kukatwa pua au masikio, alichorwa alama ili popote aendapo ajulikane. Hapo tayari kupata kazi ni shida. Lakini katika mji huohuo wa Edo, ambao sasa ni Tokyo, wazima moto na wabeba machela walijichora miili kwa fahari. Kwao tatuu ilikuwa kama sare ya kazi, na mzima moto asiye nayo ndiye aliyeonekana wa ajabu.

Adhabu ile ilifutwa mwaka 1870. Miaka miwili baadaye, 1872, serikali mpya ikapiga marufuku hata tatuu za mapambo, maana ilitaka wageni wa Ulaya waione Japani kuwa nchi iliyostaarabika. Cha kuchekesha ni kwamba mwaka 1881 mwana wa mfalme wa baadaye wa Uingereza, ambaye naye alikuja kuwa Mfalme George V, alifika Japani akiwa baharia kijana na akachorwa joka mkononi. Mstaarabu aliyekuwa akiogopwa ndiye aliyekuja kuchorwa!

Marufuku iliondolewa mwaka 1948, lakini woga haukuondoka, hasa kwa kuwa magenge ya wahalifu yalipenda sana tatuu. Mwaka 2012 meya wa jiji la Osaka, Hashimoto Toru, aliwalazimisha wafanyakazi wa jiji kujaza fomu kueleza kama wana tatuu na ziko wapi. Zaidi ya 100 walikiri. Waliokataa kujibu waliadhibiwa, na kesi zikafika mahakamani.

Turudi nyumbani. Matangazo ya ajira ya vyombo vyetu, Polisi na Uhamiaji wakiwemo, yamekuwa yakiweka sharti kwamba mwombaji asiwe na alama za kuchora mwilini. Angalau wao wanaandika, na kijana anajua kabla hajatoa nauli. Wenzetu wengine wamelegeza: jeshi la Marekani mwaka 2022 liliruhusu askari kuwa na tatuu ndogo mikononi na nyuma ya shingo, pale pale alipo nayo mdogo wangu.

Sisemi kila mwajiri alazimishwe kuajiri mtu aliyechora fuvu usoni. Mwenye biashara anawajua wateja wake. Ninachosema ni kwamba historia inatuonyesha alama ile ile ikiwa sare leo, adhabu kesho na aibu keshokutwa, na katika yote hayo ngozi haikubadilika. Walibadilika wanaoitazama. Babu alipewa kazi kwa woga wa watu, mjukuu amenyimwa kazi hiyohiyo kwa woga wa watu, na wote wawili hakuna aliyewauliza wanajua kufanya nini.

Halafu kuna hili: neno nembo siku hizi tunalitumia kwa alama za makampuni. Kampuni iliyomkataa mdogo wangu inayo yake, imeshonwa kifuani kwenye kila sare.

Yeye anaendelea kuhangaika. Kesho ana usaili mwingine, na ameniazima shati lenye kola ndefu, na joto hili la Dar es Salaam. Nimemwambia aseme ukweli mapema. Amenijibu, "Kaka, ukweli nitausema nikishapata mkataba."

Sijajua nimshauri nini zaidi. Wadau, ninyi mngemwambiaje?