Safu ya lugha: Huria si bure

Mpiga picha wa harusi akirudi studio yake Kitengela na kadi zilizojaa picha, hujiuliza atazihifadhi wapi. Zamani Google Photos ilizipokea bila kikomo, mradi akubali zipunguzwe ubora. Tarehe 1 Juni 2021 mlango huo ulifungwa: sasa ni gigabaiti 15, zikijaa ulipie.

Ndipo anapoambiwa kuna programu huria za kuhifadhi picha, kama Piwigo, iliyoanzia Ufaransa mwaka 2002, au Immich. Wengi wakilisikia neno hilo hudhani ni bure. Siyo. Huria ni wa ukoo mmoja na uhuru, wote wametoka Kiarabu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992, na karo hulipwa. Programu ni huria kwa kuwa msimbo wake uko wazi: unaruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuugawa. Kiingereza hubeba maana zote mbili kwa neno moja, free, na watetezi wa programu hizo hawaishi kujieleza. Sisi tunayo mawili, mbona tuyachanganye?

Na gharama ipo ukiiendesha programu mwenyewe. Kompyuta kuukuu igeuzwe seva, zinunuliwe diski mbili (ya nakala ikae kwingine, tuseme kwa shemeji Kajiado mjini), na betri ya kuisaidia stima ikipotea. Lakini bibi harusi atatumiwa kiungo na nenosiri, na akitaka picha fulani ifutwe, utaifuta kwenye diski unayoweza kuigusa kwa mkono. Usisahau ile iliyoko kwa shemeji.