Hifadhi za Kidijitali za Vyuo Vikuu, na Maarifa ya Ngara na Biharamulo

Hifadhi ya kidijitali ya chuo kikuu ni mkusanyo wa tasnifu, makala, ripoti na takwimu ambao maktaba ya chuo huuweka katika kompyuta zake na kumfungulia kila mwenye intaneti, bila ya ada, ili maarifa yaliyopatikana kwa taabu yasiwe milki ya wachache waliobahatika kuishi karibu na rafu.

Zamani mtafiti aliyefika Ngara au Biharamulo, mkoani Kagera, alikaa barazani na wenyeji, akawauliza habari za mashamba, maradhi na misiba yao, kisha akaondoka na madaftari yake. Tasnifu ikafungwa jalada gumu Dar es Salaam au Ulaya, makala ikatokea katika jarida ambalo maktaba nyingi za Afrika hazikuimudu bei yake, na mwalimu wa Rulenge au tabibu wa Murgwanza, huko Ngara, ambaye habari ile ilimhusu kuliko msomaji yeyote, aghalabu hakupata hata kujua kuwa imeandikwa.

Mageuzi yalikuja pale programu za kuhifadhia maandiko zilipotolewa bure: EPrints ya Chuo Kikuu cha Southampton mwaka 2000, na DSpace ya MIT na kampuni ya Hewlett-Packard mwaka 2002, mwaka uleule uliotolewa wito wa Budapest wa kuyaacha wazi machapisho ya utafiti. Vyuo vya Dar es Salaam, Sokoine, Muhimbili na Chuo Kikuu Huria vina hifadhi zao leo.

Faida ya uwazi huo hudhihirika katika uchunguzi wa afya na maendeleo wa Kagera, ijapokuwa takwimu zake hutolewa na Benki ya Dunia badala ya maktaba ya chuo. Ulianzwa mwaka 1991 na benki hiyo pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili kupima jinsi vifo vya watu wazima, hususa kwa UKIMWI, vinavyowaathiri walio hai. Kaya 915, za Ngara na Biharamulo zikiwemo, zilihojiwa mara kwa mara hata 1994. Na mwaka 2004 watu walewale wakatafutwa tena, hata waliohamia Uganda, kaya zikawa zaidi ya 2,700, kwa kuwa watoto wa siku zile walikwisha kuanzisha nyumba zao. Kwa takwimu hizo Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walionyesha, katika makala ya mwaka 2011, kwamba matumizi ya waliohama kijijini kwao yalikua kwa pointi 36 za asilimia kuliko ya waliobaki. Na mwanafunzi yeyote aweza kuzichukua takwimu zilezile akaijaribu hoja hiyo mwenyewe.

Hata hivyo andiko lisiloelezwa vema hufichika ndani ya hifadhi iliyo wazi. Mkutubi hujaza jina la mwandishi, anwani ya kazi, mwaka, muhtasari na maneno ya kutafutia. Akiandika Tanzania tu, basi tasnifu juu ya wakimbizi wa Rwanda, ambao takriban 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja mwishoni mwa Aprili 1994 wakapiga kambi Benaco, wilayani Ngara, haitamfikia atafutaye kwa jina la Ngara. Ni insafu pia muhtasari uandikwe kwa Kiswahili, kwani waliohojiwa walijibu kwa lugha zao, si kwa Kiingereza. Tena mipaka hubadilika: Chato, iliyokuwa sehemu ya Biharamulo wakati wa mahojiano ya kwanza, tangu 2012 imo katika Mkoa wa Geita, na rekodi ya utafiti uliofanywa huko yapasa kutaja majina yote mawili, Biharamulo na Chato.